Yah: Ombi la ankara yangu kupelekwa kwa pacha

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Shikamoo. Nasikia nimekuzidi umri kwa miaka kumi na kitu, lakini cheo nacho ni umri, hivyo naomba uipokee. Natumaini u mzima wa afya, wewe, familia na msafara wako. Sisi huku hatujambo, ila kiu.

Baada ya salamu, niwie radhi kwa kukupotezea muda. Nilibahatika kualikwa kwenye uzinduzi wa pacha wa kidijitali wa mtandao wetu wa maji, yaani mfano wake ndani ya kompyuta. Nilikula sambusa mbili, nikapewa na chupa ya maji ambayo sikuifungua. Niliipeleka nyumbani ikapikiwe chai. Kwenye skrini kubwa niliuona mji mzima: matangi, pampu, mabomba yametandaa kama mishipa. Nikamwomba kijana mhandisi, mpole kupita kiasi, anionyeshe mtaa wetu. Akaukuza. Bomba letu lilikuwa la buluu. Buluu, akanieleza, maana yake presha ni nzuri.

Mheshimiwa, bomba hilo lina mwezi wa nne tangu lipasuke. Maji yanabubujika chini ya lami mbele ya banda la mama chipsi, yamechimba kijito, na bata wa jirani wameshahamia. Mama chipsi ameweka ubao wateja wavukie. Sikuja kubishana na skrini yako. Nimeona tu nikujulishe, nawe ukipata nafasi umjulishe na pacha.

Wala siipingi teknolojia hii. Nimefundisha fizikia hadi kustaafu, na kisa cha chombo cha angani Apollo 13 nimekisimulia darasani mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipasuka chombo kikiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Wahandisi wa Houston walikuwa na mashine za mfano za kufundishia marubani. Wakazirekebisha zifanane na chombo kilivyoharibika, wakajaribu kila hatua humo kabla ya kuwaelekeza walioko angani. Jina la pacha lilikuja baadaye sana. John Vickers wa NASA ndiye anayetajwa kulitoa, mwaka 2010. Lakini angalia, Mheshimiwa: mfano uliwafaa kwa sababu ulikubali kuharibika pamoja na chombo. Wa kwetu, kwa heshima zote, umegoma kuharibika.

Mwaka 2018 watafiti walipanga mambo haya kwa ngazi tatu. Ukiingiza taarifa kwa mkono, hicho ni kielelezo tu. Taarifa zikija zenyewe kutoka kwenye kitu halisi, hicho ni kivuli. Zikienda na kurudi zenyewe, kompyuta ikapokea na bomba nalo likatii, hapo ndipo anapozaliwa pacha. Kijana wako aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mtaa wetu uliingizwa kutoka kwenye michoro ya zamani na hauna hata kihisi kimoja. Basi ulichozindua kwetu ni picha. Picha nzuri, sikatai. Sisi wa Kanda ya Ziwa pacha tunawaita Kulwa na Doto, na mama wa pacha atakwambia Kulwa akishikwa na homa, Doto halali. Huyu Doto wako anakoroma.

Valencia, kule Hispania, wanaye pacha anayefanya kazi. Anahudumia mtandao wa watu zaidi ya milioni moja na nusu, lakini dira zao husomwa kwa mbali, na vihisi vya presha vinaripoti usiku na mchana. Kwetu, ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, zinaonyesha takriban theluthi ya maji yanayozalishwa nchini hupotea. Kuyatafuta si lazima uanze na seva. Funga dira kubwa kwenye mlango wa kila kanda ya mtandao, uisome saa nane usiku watu wakiwa wamelala. Kinachopita saa hiyo, sehemu kubwa ni kinachovuja. Programu ya kukokotoa presha ipo pia, EPANET, Wamarekani wameitoa bure tangu 1993.

Na kuna mzee mmoja, fundi bomba wako, naomba nisimtaje. Alipita kwetu na fimbo ya chuma, akaisimamisha juu ya lami, akaweka sikio. Akasema, "Ni kwenye maungio, na valvu yake iko chini ya ngazi ya duka la dawa." Kwenye skrini valvu hiyo haipo. Mzee anastaafu Desemba. Nakunyenyekea, umpe kijana mwenye simu atembee naye mji mzima, akirekodi anayoyajua, kabla ya siku hiyo. Posho ya wiki mbili haitafikia bei ya zile sambusa.

Hadi hapo, nina ombi dogo. Ankara ya mwezi jana imekuja na uniti 14. Mabomba yakiwa makavu dira yangu huzungushwa na upepo, nami sina uwezo wa kulipia upepo. Kwa kuwa pacha wangu wa kwenye skrini anapata maji saa 24, naomba ankara apelekewe yeye.

Ni mimi mteja wako mtiifu, nyumba ya tatu kutoka kwenye kijito. Bata sasa ni saba.