Majani Hayapukutiki Mtwara, Lakini Rangi Zipo

Mtu akiamua kushona mfarishi wa viraka siku hizi, jambo la kwanza analotafuta si sindano. Anatafuta wazo. Anaperuzi picha kwenye simu mpaka bando linakata, na akimaliza ana lundo la majani mekundu ya Ulaya, maboga yaliyopangwa ngazini na kikombe cha kitu kinachofuka moshi. Kisha anakwenda sokoni Mtwara kuulizia kitambaa cha rangi ya kutu chenye jani lile la bendera ya Kanada, na muuza vitenge anamuuliza kama hiyo ni sare ya harusi au ya msiba. Kazi inaharibikia hapo, kabla hata uzi haujapita tunduni. Nasema msako huo wote hauna haja. Wazo la mfarishi wa viraka liko sakafuni kwa fundi cherehani, na rangi za majira ya majani kupukutika, kwa anayezitaka, ziko mashambani kwetu kila mwaka, hata kama majani yetu hayapukutiki kama ya Ulaya.

Tuanze na sakafu. Mkulima wa korosho akipeleka mzigo wake ghalani hupewa stakabadhi, utaratibu ulioanza huku Mtwara mwaka 2007. Mteja akipeleka kitenge kwa fundi hapewi stakabadhi yoyote. Anapeleka kitambaa cha kutosha gauni, kilemba na ziada, anarudishiwa gauni na maelezo kwamba kitambaa kilikuwa chembamba. Ziada imekwenda wapi? Nyingine inaonekana wiki ijayo imegeuka sketi ya mtoto wa fundi, na hiyo ni kangomba, kama ule ununuzi wa magendo wa korosho, ila hii hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kuipiga marufuku. Vipande vidogo visivyotosha hata mfuko wa shati ndivyo vinavyobaki chini ya cherehani, na kwa mshona viraka hivyo ndivyo mali. Pale chini kuna kaki na bluu ya sare za shule, kuna zambarau ya kamati ya harusi, kuna kapulana iliyovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, kuna kijani na njano za kampeni, na katikati ya kijani na njano kuna sikio la mgombea. Hakuna msanii angeweza kukaa mezani akapanga mchanganyiko wa namna hiyo. Mji wenyewe umeupanga kwa kuoa, kusoma, kufanya biashara na kupiga kura.

Anayedhani najitetea tu kwa uvivu wa kubuni aangalie wanawake wanaosifiwa kwa kazi hii duniani. Wasidi wa jimbo la Karnataka kule India ni kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari, wengine wakitoka upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi inayoitwa kawandi, wakitumia sari na nguo zilizochoka. Huanzia pembeni, wakazunguka kipande kwa kipande kuelekea katikati, bila kuchora kitu kwanza, na kila pembe lazima ipate ua la vitambaa vilivyokunjwa, la sivyo mfarishi huhesabiwa kuwa uchi. Kule Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi walishona viraka vya nguo za shamba zilizochakaa kwa sababu nyumba zilikuwa za baridi na hela haikuwapo. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa kwenye jumba la makumbusho Houston, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Sidhani kama kuna aliyekaa Gee's Bend akisubiri wazo. Waliangalia suruali ipi imetoboka goti, wakaanza na ile iliyobaki nzima nyuma.

Hapo nitapingwa, na najua kwa maneno gani: kiraka ni umaskini, na mgeni akiingia chumbani akakuta kitanda kimevaa viraka atakwenda kusema. Atasema, sikatai. Lakini mgeni huyo huyo amevaa suruali ya mtumba iliyochanwa magotini, na aliilipia zaidi kwa ajili ya hayo matundu. Tena khanga aliyojifunga mama yake ina asili ya viraka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kama inavyosimuliwa pwani, wanawake wa mjini walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado zimeungana kwenye jora, wakazikata sita sita na kuziunga mistari miwili ili wapate nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak akafungua duka lake Mombasa, na hata leo khanga zake zinajulikana kwa jina la Mali ya Abdulla. Basi vazi tunalomfungia bibi harusi lilianza kwa mtu kuunga vipande vya leso, na sijasikia shangazi hata mmoja aliyelirudisha dukani kwa aibu.

Ubishi mwingine una uzito zaidi: kwamba vitu vya sakafuni havielewani, na mtu akivishona bila mpango atapata fujo. Kweli, ajali zipo. Kipande chekundu cha khanga mpya kikikaa jirani na cheupe cha sare ya shule, ufuaji mmoja unatosha kuchuja rangi mpaka shule nzima iwe ya waridi. Pamba ikiungwa na nailoni, pasi ya mkaa huchagua upande wa kuyeyusha. Kitambaa ambacho hakijawahi kuona maji hurudi kikifuliwa, kikamvuta jirani yake, na mfarishi uliolala sawasawa jana leo una kitambi. Dawa ya hayo inajulikana: loweka kila kipya peke yake, changanya pamba na pamba, nailoni iachie mifuko ya sokoni. Ajali ambayo haina dawa ni ya maneno. Khanga ina jina lake pindoni, na mkasi haujui kusoma. Kipande kimoja kinabaki na MKWE WANGU, kingine kutoka khanga nyingine kabisa kinabaki na UMENICHOSHA, fundi anaviunga kwa sababu vyote ni vya samawati, na zawadi inapelekwa Mikindani kwa nia njema kabisa. Hilo halidai wazo kutoka Ulaya. Linadai mtu mmoja anayejua kusoma akae karibu na meza ya kukatia.

Sasa majira yenyewe. Watu wanaotaka mfarishi wa majani kupukutika hawapendi kupukutika, wanapenda rangi: nyekundu, machungwa, njano, hudhurungi. Hizo zote Mtwara inazo, na kwa bahati inazitoa miezi ile ile ambayo Ulaya inajisifu nazo. Oktoba, Tandahimba na Newala, mabibo yananing'inia mekundu na ya njano, kila moja limeshikilia korosho yake chini, na mengine yamekwisha anguka yanachacha, na harufu yake inawaita wanaojua uraka, pombe ya mabibo. Chini ya mkorosho kuna hudhurungi ya majani makavu, pembeni kuna magunia ya juti yanayosubiri mnada. Ongeza njano iliyofifia ya salfa ambayo mkulima aliipuliza miezi ya kusi kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, ikamrudia usoni kwa sababu upepo haukuulizwa. Pwani kuna mkungu, ambao kweli hugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha, tena hauogopi kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Na anayesafiri kuelekea Masasi na Nanyumbu kabla ya mvua ataona miombo imevaa shaba na wekundu porini. Ulaya jani hugeuka jekundu linapoagana na mti, lakini kwenye miombo huwa jekundu linapozaliwa, kisha ndipo likawa kijani. Mshonaji wa Mtwara anayeiga jani la Kanada anaacha mlima wa rangi mgongoni kwake, na jani lenyewe likitoka kombo, kama kawaida, watu watauliza kwa nini ameshona mguu wa kuku. Bibo ni rahisi zaidi: duara lililorefuka kidogo na kikorosho chini, hata mwanafunzi wa cherehani analikata bila kielelezo, na kila mtoto wa mkoa huu atalitambua.

Kuna watakaosema mfarishi Mtwara ni kujitafutia jasho tu. Aseme hivyo aliyewahi kulala Newala mwezi wa Saba, juu karibu na Shimo la Mungu, akatafuta blanketi la pili saa nane usiku. Huku chini pwani nakubali kwamba usiku mwingi wa mwaka shuka linatosha, tena wakati mwingine linazidi. Basi toa sufi ndani, weka bitana nyepesi, utandike kitandani mchana, uukalie mkekani jioni, umfunike mtoto wakati wa kusi, au uutundike mlangoni badala ya pazia. Hakuna kanuni inayosema lazima uvimbe ndiyo uitwe mfarishi. Na nyinyi mafundi, tafadhali: vipande msivichome jioni pamoja na takataka. Vitieni kwenye kiroba, mkitaka viuzeni, na khanga zenye maneno zitengeni.