Kisima Garini

Hata leo Jumatano masikio yangu yawaka nikumbukapo jinsi mama mkwe alivyoshuka garini mwangu Jumapili, mbele ya kanisa mjini Mwingi, kiatu mkononi, akakiinamisha taratibu kama ainamishavyo birika mtu mwenye wageni, na maji yakamiminika mbele ya wazee wa kanisa. Bibi huyo, kwa adabu yake, alikuwa amevua viatu asije akalichafua zulia langu, akaviweka miguuni pake kiti cha nyuma; nami, kwa kuwa nthoni, ile haya ambayo Wakamba wameiweka baina ya mtu na mama mkwe wake, haikuniruhusu hata kugeuza shingo, sikujua yaliyokuwa yakimsibu mpaka tulipokuwa tukipanda kilima baada ya Migwani, nikasikia nyuma yangu maji yakitembea, kisha sauti yake, isiyonielekea mimi bali bintiye: "Hebu muulize baba wa wajukuu wangu, ikiwa ana kisima humu, mbona ametuacha tukifukua mchanga wa mtoni tangu Agosti?"

Mke wangu, Mungu amrehemu angali hai, aliniuliza neno kwa neno.

Fundi wa kwanza alihukumu kuwa ni mvua, akakipaka kioo cha mbele silikoni pande zote. Wa pili akabadilisha mipira ya milango. Lau mmoja wao angaliuliza ni lini mvua ilinyesha! Maji ya mvua aghalabu huja na tope na vijani. Yale ya hita huwa na rangi, na hunata vidoleni. Haya yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu, wala hayakuonekana ila nikiwasha kiyoyozi. Na hapo ndipo lilipo jambo lililonivutia hata nikasahau ghadhabu. Nyuma ya dashibodi mna mapafu ya chuma yenye ubaridi mkali, na hewa ya joto ipitapo juu yake huuacha unyevu wake, kama bilauri ya maji baridi itokavyo jasho mezani. Matone hayo huangukia sinia, sinia likayapeleka kwenye kijibomba cha mpira kipenyacho ukuta wa injini, yakadondoka barabarani. Kile kidimbwi kidogo tukionacho chini ya gari lililosimama, basi, ni dalili ya afya. Kijibomba kikizibika, sinia hufurika, maji yakateremka chini ya zulia, yakanywewa na sponji, yakatulia kama mwizi. Na gari likipanda mlima, maji hurudi nyuma kumtafuta mkwe.

Aliyeuona ugonjwa ni kijana wa kuosha magari, aliyelala chini ya gari na njiti ya baiskeli. Kikatoka kidonge cha udongo mkavu, na nyuma yake maji kama ya ng'ombe. Nyigu alijenga humo gari lilipokaa uani. Udongo mbichi aliupata wapi katika ukame ule? Hakika ni chini ya mfereji wangu, siku ile moja ulipotoa maji. Kwa hayo alifanya lile lile lifanywalo Kitui katika mito ya msimu, ambako hujengwa ukuta wa kukinga mchanga, nao mchanga ukayaficha maji hata kiangazi. Tofauti ni kwamba nyigu hakukata utepe wala hakuhutubia mtu. Mfereji wangu ulizinduliwa kwa hotuba tatu. Sasa wakohoa hewa, bili yaja kila mwezi bila kukosa, na maji nayanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye punda.

Kijana alitaka shilingi mia moja. Mafundi wale sisemi walichotaka.

Jana mama mkwe alimpigia simu bintiye, akamwambia amuulize baba wa wajukuu kama gari limekwisha kutengenezwa. Kama bado, Jumapili atakuja na mitungi miwili.