Mdudu Kaingia Bustanini

Sumbawanga, Julai

Shangazi, assalaam alaykum, wewe na wote wanaoketi barazani kwako hapo Kibokoni.

Kwanza nikutoe wasiwasi: mimi mzima. Hirizi uliyonifunga siku ile ninaondoka bado iko mkononi, na sijarogwa. Najua watoto wa wenzako wako Jeddah na Muscat, wanatuma riyali, nawe ukiulizwa wako yuko wapi unajibu "Yuko nje," kisha unauliza bei ya nazi. Lakini huku nako ni nje! Nimevuka mpaka Lunga Lunga, pasi ikagongwa muhuri, na kutoka Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 1,000 za basi: Mbeya, Tunduma, halafu unapinda tena kuufuata uwanda wa Ufipa ulio juu, Ziwa Tanganyika upande huu, Ziwa Rukwa upande ule. Aliyepanda ndege ya Muscat amefika, amelala, ameamka, mimi bado nanunua mahindi ya kuchoma dirishani.

Jina la mji limewatisha bure. Wenyeji wanasema sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Yaani hapa ndipo unapoutupa. Sasa kama kila mpitaji ametupa wake hapa, hesabu ya jalala fanyeni wenyewe.

Mke wangu, kama ujuavyo, aliachiwa na babake ekari 3. Siku ya kwanza kupelekwa shambani niliona vilima vya udongo vya mviringo, safu kwa safu mpaka bondeni. Nikavua viatu, nikainua mikono, nikawasomea Fatiha. Mama mkwe alisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza nayaombea nini maharage yake. Kumbe ndizo intumba: mvua zikikaribia kwisha, nyasi hufukiwa chini ya udongo ziozee humo, na juu yake hupandwa maharage. Msimu wa pili vilima hubomolewa, udongo ukatandazwa, ukapandwa ulezi. Ndiyo mbolea ya Wafipa tangu mababu zao, na mimi huenda ni mtu wa kwanza kuyarehemu majani.

Maksai nao hawanitaki. Nikishika plau nawaambia, "Haya baba, twende," kwa Kiswahili safi cha kwetu, nao wanacheua. Mtoto wa jirani, hajafika hata miaka 10, anapiga mluzi mmoja tu wanaondoka, nami nyuma naburutwa kama ngalawa iliyokatika nanga.

Lakini kisa ni cha juzi. Alfajiri, ndiyo kwanza nimetoa salamu ya sala, mlango unagongwa. "Hodi, shehe! Mdudu kaingia bustanini kwako!" Jirani, anahema. Nikafikiri siafu, au viwavi. Nikachukua tochi na ndala moja, nikamfuata huku nikishangaa mtu mzima kukimbizana na mdudu.

Safu nzima ya viazi ilikuwa imefukuliwa. Katikati yake mdudu mwenyewe: masikio yamefunika macho, pua imejaa udongo mbichi, uzito wake haupungui kilo 80, anatafuna taratibu. Akainua kichwa, akaitazama ndala yangu.

Shangazi, Tanzania nguruwe anaitwa mdudu! Anaitwa na kitimoto pia, lakini hilo ni jina lake akishafika mezani.

"Mshike mguu!" jirani akapiga kelele upande wa pili wa ua. Mguu! Nikatandaza mikono kama kipa, nia yangu apite pembeni. Akapita katikati. Alinibeba hatua kama 4 hivi, nimekaa kinyumenyume, kisha akanishusha kwenye kabichi.

Sheria unaijua: kuosha mara 7, moja kwa udongo. Udongo ulikuwa umeshanienea. Shida ni maji ya pipa la nje, mwezi wa Julai, jua halijatoka, mji uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Kufika kopo la 5 vidole sivisikii. Mke wangu alikuwa akinihesabia dirishani, na naapa alifika 6 akarudi 4.

Jioni jirani akaja na mkewe na debe la ulezi, fidia ya viazi. Nikakataa, ujirani ni zaidi ya viazi. Akabembeleza. Nikakataa tena. Mkewe akapiga magoti kwa heshima ya kwao, akasema, "Shehe, pokea tu. Usipopokea mzee hatalala. Ninyi watu wa Pwani mna majini, tunajua."

Basi ndivyo ilivyo, Shangazi. Wewe umenifunga hirizi kwa ajili yao, na wao tangu nihamie wanazunguka njia ya mbali wakinisikia nasoma Yasini. Debe nililipokea.

Samaki usiwe na hofu, mgebuka mkavu wa Ziwa Tanganyika hakosekani. Si changu, lakini kwa ugali wa ulezi anateremka. Gunia la maharage limepanda basi jana. Nawe nitumie kanzu moja, yoyote, isipokuwa nyeupe. Ile niliyokuja nayo niliianika kambani, mbuzi wa mama mkwe akatafuna darizi yote ya shingo, na tangu hapo ananisubiri mlangoni kila Ijumaa.