Risiva Imejifunga

Jumatatu
Chaneli inayoonyesha Msikiti wa Makka imepotea. Dishi halijaguswa. Linatazama nyuzi 26 mashariki kama miaka yote, na chaneli nyingine za setilaiti hiyohiyo zinaingia vizuri. Yenyewe imehamishiwa masafa mengine, basi. Dawa yake ni kutafuta chaneli upya. Nimeingia kwenye menyu, risiva ikadai nenosiri. Bibi ameuliza, kwani risiva haitujui?

Jumanne
Nenosiri aliliweka fundi, watoto wasichezee menyu. Watoto wale sasa wana ndevu, na fundi yuko Maskati. Nimemwachia ujumbe. Risiva nyingi za aina hii hutoka kiwandani na 0000. Yetu imeikataa, na 1234 pia. Kijitabu kinasema ukirudisha mipangilio ya kiwandani nenosiri linafutika, na sehemu ya kurudishia imo ndani ya menyu, nyuma ya nenosiri. Ami amelisoma fungu hilo, akalirudia, kisha akakitia kijitabu kwenye mfuko wake wa nailoni na kuufunga.

Jumatano
Mpwa wangu ameanzia 0000 na anapanda. Namba ni 10,000 kwa jumla. Risiva haina hasira: ukikosea inafuta vinyota vinne na kukungoja. Zenye saba anaziruka, anasema zinagoma kuingia. Tumemwachia utaratibu wake. Magharibi Bibi ametaka tamthilia yake ya Kituruki, kazi ikasimama. Mpwa hakuandika alipofikia.

Alhamisi
Nimeshuka Darajani. Kijana wa dukani anasema risiva ina tundu la pini 9 kwa nyuma. Unatafuta waya ambao pini ya 2 na ya 3 zimepishana, unauunganisha na kompyuta, unapakia programu mpya, nenosiri linaondoka. Chaneli zote zinaondoka nalo. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, kwa hiyo kuna kiunganishi cha USB cha kununua pia. Na programu iwe ya chipu ileile hasa, la sivyo risiva itaandika "boot" kwa taa nyekundu na haitaandika kingine tena. Alikuwa nayo moja rafuni, inaandika. Alinionyesha kwa fahari.

Nimenunua betri za rimoti.

Ijumaa
Fundi amejibu kwa sauti baada ya sala. Maskati wametutangulia saa moja, lakini hana haraka. Amemsalimia Bibi, akamsalimia Ami, akaulizia mwembe wa uani na kama bado unaangukia bati la jirani. Nenosiri limekuja mwishoni kabisa, pamoja na kuagana: 1977, mwaka aliozaliwa.

Nimebonyeza. Vimetokea vinyota viwili.

Taa ya ncha ya rimoti haionekani kwa jicho, ila ukiielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu unaiona inametameta zambarau. Nimebonyeza 1, zambarau. Nimebonyeza 9, zambarau. Nimebonyeza 7, giza. Chaneli ya mpira imekaa namba 77 tangu risiva iingie nyumba hii, na Ami ana kidole kizito. Kwenye risiva yenyewe kuna vitufe vya kupanda na kushuka, hakuna tarakimu.

Mpwa amesema alishatuambia.

Jumamosi
Rimoti ina skrubu moja, imejificha chini ya betri. Kwingine ni kisu na subira. Chini ya mpira, kila kitufe kina kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa bodi. Cha saba kimelika mpaka kikawa kijivu. Inatakiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ami, aliyeacha sigara, alikuwa na pakiti mfukoni. Bibi ameitazama pakiti, akamtazama Ami, akaendelea kuchambua mchele. Nimekata kipande cha ukubwa wa punje, nikakigandisha kwa gundi.

1977 imekubali.

Makka imerudi, mwisho kabisa wa orodha, baada ya chaneli za kuuza manukato. Bibi ameagiza ihamishiwe 77, mpira usogee 78. Ami hakupinga, kwa ajili ya pakiti. Saba sasa inajiandika mara mbili kwa mguso mmoja, jambo ambalo kwa 77 ni msaada. Mpira bado haujafikika.