Tulishahitimu Kutembea

Wataalamu wa mipango miji wana habari njema: nyumba, soko na shule vikae karibu na kituo cha basi, watu watembee kwa miguu. Curitiba, Brazili, walianza mwaka 1974. Dar es Salaam ikapata mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, Kimara hadi Kivukoni, na bado abiria akishuka kituoni huruka mtaro ndipo afike kwake.

Sisi wa Lufingo, Rungwe, tulishahitimu bila semina. Mama anapanda mlima, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, mpaka barabarani. Kituo ni pale bodaboda alipoegesha. Kivuli ni mgomba; ratiba ni gari likijaa. Na mvua ya Rungwe haijui kubisha hodi: ikishuka, njia ya waendao kwa miguu inakuwa ya waendao kwa makalio.

Basi waheshimiwa, mkija na ramani zenu za rangi, msitufundishe kutembea. Tuleteeni kibanda cha kujikinga mvua, njia isiyoteleza, na gari linaloondoka kabla halijajaa. Miguu tunayo.