Namna ya Kuudanganya Umbali

Wewe uko Ramadhani, Njombe. Mpenzi wako yuko Kapiri Mposhi, Zambia, mwisho wa reli ya TAZARA. Usihangaike kuushinda umbali, dada yangu, haushindiki. Tuudanganye. Sogea nikuelekeze.

1. Anza na saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja: kwako ikiwa saa 3 usiku, yeye ndiyo kwanza anabandika maji ya nshima. Chelewesha chakula chako. Songeni ugali pamoja, simu ukiiegemeza kwenye kopo la chumvi, mle mkiongea mdomo umejaa. Barua kumi za mapenzi hazifui dafu hapo.

2. Picha. Unataka kupendeza, naye vilevile; msioneane haya. Piga asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia miti ya paini. Piga kumi, tuma moja. Ile ya sweta la mtumba na pua inayovuja kwa baridi ihifadhi, umtumie siku akiwa na huzuni.

3. Uongo. Hapa tega sikio. Zanzibar, sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja inawataja wanawake waziwazi: kifungo hadi miaka 5. Bara nako Kanuni ya Adhabu haicheki na mtu, na kwao Zambia ni hivyo hivyo. Inaniuma kwamba mapenzi yahitaji kificho, ila nakutaka salama. Basi kwenye simu mwandike "Mama Vitenge". Na auze vitenge kweli! Avipitishe Tunduma, wewe uviuze sokoni. Mama akiuliza, "Huyu Mzambia ni nani, mwanangu?" mwekee kitenge mapajani.

"Ni mwenzangu, mama."

Mama atakuwa ameshaanza kupima urefu wa kitambaa. Uongo wenye mzigo mkononi hauhojiwi. Ila yeye mwenyewe usimdanganye kamwe, hata kuhusu bando lililoisha.

4. Mkigombana, usiandike, maandishi hayana sauti. Mtumie ujumbe wa sauti, umwamkie "mwashibukeni" hata kama Kibemba chako kinachechemea. Naye akujibu "kamwene". Kununa kunashindikana mtu anapojikwaa kwenye lugha ya nyumbani kwenu kwa ajili yako.

5. Ukijiona uko peke yako, msomee hadithi fupi, Jambula Tree, ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Humo Anyango, akiwa Kampala, anamsemesha Sanyu aliyepelekwa London. Wanuri Kahiu akaitolea filamu ya Rafiki; Kenya ikaipiga marufuku mwaka 2018, mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu, na watu wakajaa kumbini. Wenzenu mnao.

6. Siku ya kuja, mpokee stesheni ya Makambako. Reli ni ndefu, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi kwao, kwa hiyo treni ikichelewa, kunywa chai. Akishuka, usimkumbatie kupita kiasi. Shika begi lake, naye asiliachie. Vidole vitakutana kwenye mkanda. Pandeni basi dogo la Njombe, mkae siti ya nyuma. Huko juu kuna baridi. Toa kitenge kimoja, kile kipana, mjifunike wote wawili hadi shingoni. Hakuna atakayeuliza. Na chini ya kitenge, mshike mkono mpaka Ramadhani.