Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Roki Hapa Kamina

1. Tafuta fulana nyeusi ya Led Zeppelin. Kwenye mitumba haikosekani. Ivae saa sita mchana bila kulalamika, maana mjuzi hasikii joto.

2. Kariri orodha ya albamu zilizokulea, na mwaka wa kila moja: Led Zeppelin IV, 1971, The Dark Side of the Moon, 1973. Si lazima uwe umezisikiliza. Umeme ukikatika kwenye wimbo wa kwanza, hesabu albamu nzima umeimaliza.

3. Usitaje cha nyumbani. Rumba waachie wajomba, kwaya waachie kina mama. Methali ya mcheza kwao hutunzwa haikutungwa kwa ajili ya wajuzi.

4. Hasa Missa Luba isikuponyoke mdomoni. Watu wasije wakajua kwamba misa hiyo iliimbwa kwanza hapa hapa Kamina mwaka 1958, na kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin: wavulana wa shule na walimu wao, chini ya padri Mbelgiji, Guido Haazen. Maneno ni ya Kilatini, ila sauti walizitunga papo kwa papo, bila noti. Kyrie inafuata kasala, maombolezo ya Waluba: Joachim Ngoi, mwalimu wa hapa, anatangulia, watoto wanaitikia. Sanctus inaanza polepole kama watu wanaoagana. Ikifika Hosanna, ngoma zinashika mwendo wa Kasai, na mguu wako utakusaliti. Ukanyage na mwingine.

5. Ficha pia habari za filamu ya Kiingereza ya mwaka 1968, if...., ambamo Malcolm McDowell, mwanafunzi muasi, anapiga santuri ya Sanctus hiyo chumbani mwake. Mwaka 1969, ule ule ilipotoka albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, watoto wa Kamina waliingia kwenye chati za Uingereza, tena bila gitaa hata moja.

6. Mgeni wa Ulaya akikuuliza mji wako umeupa muziki nini, mwonyeshe stesheni. Mwambie hii ni njia panda tu ya reli: huku Lubumbashi, huku Kasai, huku Kalemie. Akiitoa Sanctus kwenye simu yake, sema ni kwaya ya misheni. Hutakuwa umedanganya.

Asiye na nafasi ya kufuata hatua zote hizi aisikilize Missa Luba mpaka mwisho, kisha orodha yake aianzie 1958.